Boksi la Diski Lililolowa

Jumanne, 6 Mei

Nimefungua duka kwa kuchelewa. Mvua ya usiku ilikuwa ya fujo, na bati la stoo limetoboka kwenye kona. Saruji imepona, ashukuriwe Mungu, vinginevyo ningelia mbele ya wateja. Kilicholowa ni makopo ya rangi, ambayo hayajali, na boksi moja la diski za grenda. Zile nyembamba za kukatia chuma.

Baba Neema amepanda juu na kopo la lami kabla sijamwomba. Mume huyu nilipewa, sikuokota. Nimemkaangia mayai.

Diski nimezianika uani kwenye mkeka, kando ya muhogo. Kuku wamezikagua wakaziacha.

Jumatano, 7 Mei

Jua kali. Diski zimekauka kabisa. Nilizigeuza kila nilipogeuza muhogo, jioni nikazifuta, nikazirudisha kwenye rafu, mbele, ziuzike kwanza. Nimejisifu. Mama yangu alinilea hivyo: kitu kikilowa, unaanika, hutupi.

Ijumaa, 9 Mei

Soko limechangamka. Miguu inauma. Nashukuru kwa miguu.

Amekuja yule kijana mpole, Yoeli, fundi wa kuchomelea kutoka Nyabusozi. Amepata kazi ya milango na madirisha ya darasa jipya la huko kwao. Kazi yake ya kwanza kubwa. Amesimama kwenye rafu ya diski muda mrefu kuliko bibi harusi kwenye vitenge. Anapima unene kwa kidole, anasoma maandishi, anarudisha. Mwisho akaniuliza mimi. Nikamwambia chukua hizi za mbele, ni nzuri.

Akachukua. Amenishukuru kana kwamba nimempa bure. Nimefurahi mpaka nafunga duka.

Jumatatu, 12 Mei

Sijisikii vizuri. Niandike haraka.

Jioni alikuja Shabani, fundi aliye mkabala na duka. Huwa tunataniana, ananiita mama mkwe ili nimpunguzie bei. Akashika diski moja, akaona karatasi yake imejikunja. Akauliza kama imenyeshewa. Nikasema ndiyo, ila niliianika, sasa ni nzima.

Hakucheka. Akaniambia, "Hii siyo maharage, mama." Chembe za diski zimeshikwa na gundi tu. Gundi ikinywa maji imekufa, na jua haliifufui. Kwa macho haionekani. Ukiifunga kwenye mashine, ikashika kasi, inapasuka kama sahani, na vipande vinamwendea aliyeshika. Shingo. Macho.

Akazivunja zote zilizobaki kwa nyundo, pale pale mlangoni. Mimi nilikuwa nawaza wateja. Hakuna mwingine aliyenunua zile. Ni Yoeli peke yake.

Sina namba yake. Kesho nakwenda Nyabusozi. Namshukuru Shabani kwa ukali wake, ingawa leo nimeuogopa.

Jumanne, 13 Mei

Nimeondoka kumepambazuka, kwa bodaboda. Tope mpaka kwenye magoti. Dereva alikuwa mvumilivu, jina sikumuuliza, Mungu analijua.

Kibanda cha Yoeli kimefungwa. Jirani anachambua maharage barazani. Shikamoo, marahaba. Akasema Yoeli alipelekwa hospitali jana mchana, mashine imemkata, damu nyingi. Nikauliza macho. Hakujua. Nikakaa chini pale pale, na gauni langu la kanisani.

Hospitali ni hii ya mjini kwetu. Yaani jana nilipokuwa nagombezwa na Shabani, yeye alikuwa ameshapita mbele ya duka langu amelazwa kwenye gari.

Nimemkuta. Macho mazima. Shingo nzima. Kipande kikubwa kilikwama kwenye kava la mashine, lile bati linalokinga diski, kidogo kikapita kikampasua mkono wa kulia, juu ya kiganja. Wameushona. Kama angelitoa lile kava, kama wanavyofanya mafundi wengi ili diski kubwa iingie, nisingemkuta wodini. Nimelishukuru bati la kava, kitu kisicho na masikio.

Mkewe, Edina, amenipisha stuli. Akaniambia asante kwa kutukumbuka. Yoeli akasema kosa ni lake, alilaza mashine, alikandamiza mno. Wodi nzima inamwamini.

Nikasema pole. Nikaondoka.

Sikusema. Nimerudi nyumbani na sikusema.

Jumatano, 14 Mei

Nimejichukia tangu alfajiri. Aliyejua ni Shabani, na Shabani siyo mtu wa kupeleka maneno. Ningenyamaza yangeisha. Ningepeleka uji na matunda, ningeitwa mama mwema Biharamulo nzima.

Nimepeleka uji. Daktari alikuwa anapita. Vidole viwili, kile kidogo na jirani yake, havisikii kitu. Tusubiri, amesema. Fundi wa mkono wa kulia, na vidole viwili havisikii.

Daktari alipotoka nikasema yote. Mvua, boksi, mkeka. Nilimtazama Edina kwa sababu Yoeli sikuweza. Edina akachukua bakuli la uji wangu, akatoka nje akaumwaga. Ningekuwa yeye ningenimwagia mimi.

Yoeli akautazama mkono wake ulioshonwa. Kisha akauliza, "Kwa hiyo sikukosea mimi?"

Nikasema hukukosea.

Akalia. Siyo kwa maumivu. Kumbe usiku alikuwa amemwambia mkewe auze grenda na mashine ya kuchomelea, warudi kwenye shamba la baba yake, kwa sababu mtu asiyejua kushika mashine siyo fundi. Amejifunza ufundi kwa taabu, na jana aliufuta mwenyewe kwa kosa langu. Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye stuli yao namwambia pole.

Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani. Nimemwambia Baba Neema. Hakunilaumu. Hapo ndipo nilipolia.

Alhamisi, 15 Mei

Diski za Yoeli zilizobaki ziko kwenye mfuko nyumbani kwao Nyabusozi. Mtu anaweza kuziazima. Nimekwenda na Edina. Hatukuzungumza njia nzima. Amezitoa mwenyewe, akaziweka juu ya jiwe, akazipondaponda kwa kichwa cha shoka. Alipiga hata zilipokuwa unga. Sikumzuia.

Tulipopanda pikipiki kurudi akaniambia nikae katikati, nisije nikaanguka. Maneno hayo tu. Yamenitosha.

Jumamosi, 17 Mei

Kamati ya shule inataka kumpa kazi fundi mwingine. Darasa haliwezi kusubiri mkono upone. Nawaelewa na inaniuma.

Nimekwenda kwa Shabani kuomba ushauri. Hakunipa ushauri. Amefunga karakana yake, amepakia grenda na miwani, anakwenda Nyabusozi kukata na kuchomelea kwa jina la Yoeli. Malipo yote ya Yoeli. Nikamuuliza kwa nini. Akasema leo nguo zake ni safi mno, anataka kuzichafua. Mtu huyu simwelewi, na nisipomwombea tena nitakuwa mwizi.

Diski nimezichagua mimi. Nimefungua boksi jipya. Nimesoma tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pete ya chuma ya katikati, moja baada ya nyingine. Nimeangalia kasi iliyoandikwa nikalinganisha na ya mashine yake, diski isizidiwe. Nyembamba za kukatia skwea paipu, vile vyuma vya mraba vya milango. Nene za kusagia pale alipochomelea, maana nyembamba hailazwi ubavu. Za kukatia mawe nimeziweka mbali kabisa. Zamani nilikuwa nauza diski kwa kutazama ukubwa wa tundu.

Jumapili, 25 Mei

Kanisani nimetoa shukrani. Mchungaji akauliza ya nini, nikasema ya kava. Hakuelewa, akaniombea hivyo hivyo.

Yoeli yuko nyumbani. Shabani anasema madirisha yamekamilika, na Yoeli anakaa kwenye kigogo anamsimamia kama bosi, anamrudishia kazi isiyonyooka. Shabani amenung'unika kweli kweli. Nimecheka, mara ya kwanza mwezi huu.

Kile kidole cha pili, jirani ya kidogo, kimeanza kusikia. Kile kidogo bado.

Jumanne, 3 Juni

Milango imeshawekwa darasani. Sijakwenda kuiona. Naona aibu, niseme ukweli. Naogopa watu watanishukuru.

Hapa dukani wateja wananichoka. Mtu anataka diski, namuuliza chuma au jiwe, mashine ipi, kava lipo? Mmoja leo ameniambia anataka diski, siyo posa. Asiye na kava simuuzii. Ameondoka kwa hasira kwenda duka la jirani. Saa moja baadaye amerudi na kava amelifunga. Nikampa soda.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi baridi, ukungu. Biashara ndogo.

Saa nne amekuja Yoeli na Edina. Nyuzi zimetolewa. Kovu limeanza kuwa jeusi. Shikamoo mama, akasema, na akanyoosha mkono. Ule wa kulia. Watu hapa huwa tunasalimiana kwa kugusana tu, ila mimi nimeushika. Nilikuwa natafuta kidole kidogo kwa kidole changu, bila kusema. Nilikipata. Kilikuwa cha baridi. Halafu kikanibana.

Wateja walikuwa wanasubiri. Edina akawaambia wasubiri.