Waliofutwa Sangailu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla lori la Alhamisi halijaondoka Garissa, kwa maana tangu ukame huu wa 1996 uanze mimi ndiye niliyeandika programu ya kompyuta inayogawa mahindi ya msaada, kila kambi hutuma hesabu ya watu kwa redio, na mtoto akizaliwa naandika jumla++, anaongezeka mmoja, sawasawa kabisa, ndiyo maana sikushuku kitu, lakini kwa wageni wanaofika niliandika jumla = wapya, nikidhani kila mzee wa kambi atahesabu watu wote tena, kumbe Mzee Abdille wa kambi ya Sangailu hahesabu mara mbili watu walio hai, anaogopa kuwatia kijicho wakapatwa na mabaya, akatutajia wageni thelathini tu, kompyuta ikawafuta mamia waliotangulia, tukapeleka chakula cha thelathini, na sasa watoto watatu wamezikwa na ofisi, ikiona kwenye kompyuta kwamba mahindi yalitosha, inasema mzee ameyauza, atakamatwa, na nilipomweleza mkubwa wangu Deeq alicheka, "Walaahi Hinda, nyamaza! Wewe una cheti, yule mzee ana fimbo. Nani ataaminiwa?" nami mama yangu na wadogo zangu wanakula kwa mshahara huu, nifanye nini?

Hinda, Garissa

Binti yangu Hinda,

Pole. Sasa sikiliza. Ile = yako imesema: tupa iliyokuwepo, weka hii. Ulitaka jumla += wapya: shika iliyokuwepo, ongeza hii. Ulijaribu programu kwa kuzaliwa tu, hukuijaribu kwa kuhama, nawe umezaliwa kwa wafugaji! Mimi nilihamishwa kwetu nikapelekwa Bute nikiwa kijana. Kijiji changu hakimo tena katika hesabu ya mtu yeyote. Najua kufutwa kulivyo.

Kurekebisha alama hakutoshi, idadi ya zamani imepotea. Mwite Abdille kwa redio leo. Usimuulize watu wangapi, muulize nyumba ngapi zimejengwa, hilo atakujibu, nawe uzidishe kwa watu wa nyumba moja. Waliozikwa uwatoe wewe mwenyewe, jumla -= 3, usimwachie karani mwingine.

Kisha nenda polisi, useme kosa ni lako. Deeq atakufukuza, sikudanganyi, na mama yako atakulaumu. Vumilia. Lakini nenda kesho asubuhi, kabla hawajamkamata, kwa sababu kule Sangailu anayejua kutumia redio ni Abdille peke yake, na wakishamfunga hutapata wa kukujibu.