Zamu ya Kuosha Miguu

Dada Elizabeti,

Nakusalimu kutoka Kisii, ambako mvua haikosi alasiri. Shangazi anapata nafuu hapa hospitalini. Jirani yake wodini, mama mmoja mchuma chai, aligoma kula, akageukia ukuta. Tulimbembeleza mpaka tukachoka. Ijumaa nesi mmoja Msabato alimwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu.

"Kanisani kwetu," akamwambia, "ukishaoshwa, nawe unamwosha mwenzako. Nangoja zamu yangu."

Mama huyo akajifunika blanketi hadi kichwani, nikadhani amekasirika. Leo asubuhi ameomba uji wa wimbi, akamaliza kikombe.

"Niongezeeni," akasema. "Kuinama kunataka nguvu."

Mwambie mama yetu nampenda, na miguu yake iningojee.

Mdogo wako,
Neema