Ufuta Wenye Lakiri

Jumatatu, 2 Novemba 1987

Mkaguzi kaja! Mama wa Kizungu, viatu vimejaa matope, na Bwana Gharib wa Malindi, wakala wa wanunuzi, akimtafsiria. Shambani aliridhika. Ufuta wetu hatujawahi kuupiga dawa — tungeinunua kwa pesa gani? Halafu akaingia nyumbani kwangu, akainua macho, akaona magunia darini, juu ya meko. Akacheka kwa furaha. Moshi unafukuza wadudu, safi kabisa! Nikadhani yamekwisha. Kumbe bado. Akauliza habari ya kuta. Eti huwa zinapigwa dawa ya mbu?

Nikasema mwaka huu bado.

Akafunga kila gunia kwa lakiri, muhuri mdogo wa madini ya risasi. Gharib akaeleza: lakiri isikatwe, gunia lisihamishwe, kuta zisipigwe dawa mpaka lori lije. Huko Ulaya watapima. Wakikuta sumu kwenye gunia la nyumba moja, kikundi chetu kizima cha wakulima kinanyimwa kibandiko cha mazao yasiyo na dawa. Akatuonyesha hicho kibandiko. Karatasi yenye jani la kijani, ndogo kama stempu. Kwa ajili ya jani hilo, bei mara mbili.

Na nani akague nyumba za wenzake? Mimi, kwa kuwa najua kuandika. Hongera, Kache!

Alhamisi, 5 Novemba

Mwaura wa afya amefika na pampu yake ya dawa ya mbu mgongoni. Mtu wa bara, mpole. Nimemfuata mlango kwa mlango kwenye nyumba za kikundi, nikimkataza. Anasema mvua hii ina mbu wabaya, na akitoka hapa Adu harudi mpaka mwakani. Kisha akaniuliza polepole: kwako pia, mama? Anajua. Mwaka jana yeye ndiye aliyetutafutia gari la kumpeleka binti yangu Sidi hospitali, tukachelewa. Malaria.

Nikasema kwangu pia. Gharib ameahidi lori Jumatatu. Siku chache tu, na Dama, mtoto niliyebaki naye, hana hata mafua.

Jumatatu, 16 Novemba

Jumatatu ya pili hii, lori hakuna. Mvua. Barabara imekatika. Mbu wanaimba masikioni tangu magharibi.

Jumatano, 18 Novemba

Nimekagua. Kwa Tsuma sikuhitaji hata kuingia, pua iliniambia: dawa. Kuta zina michirizi myeupe. Mkewe amelala na pacha wachanga, akageukia ukutani. Tsuma akasimama mbele yangu: "Sema utakalo, mama Dama. Mimi hawa siwaziki kwa ajili ya jani."

Nilitaka kumtukana. Jasho la kikundi kizima! Kisha nikawatazama wale watoto, nikaona wivu. Wivu mtupu, wa kutaka kulia.

Jioni mkutanoni nimesema nyumba zote ni safi. Wakanipigia makofi.

Jumamosi, 21 Novemba

Dama ana homa. Nimempa klorokwini, kaitapika. Nimekimbia kumtafuta Mwaura — ameondoka juzi. Angenisaidia nini sasa, sijui. Mama mkwe anamfuta jasho. Anatazama magunia kule darini, halafu ananitazama mimi.

Jumapili, 22 Novemba

Klorokwini tena. Haikai tumboni. Gari hakuna. Usiku ameniita Sidi.

Jumatatu, 23 Novemba

Lori limefika! Dama ameshikwa na degedege mara mbili tangu alfajiri. Gharib alipomwona alishika kichwa. "Mpandishe mbele, mwanangu, twende naye hospitali Malindi sasa hivi. Twapita tu kuchukua magunia yaliyobaki." Mtu mwema, sikatai. Lakini kila nyumba anashuka, anagusa lakiri moja moja, anachungulia kuta. Ndiyo kazi aliyotumwa.

Imebaki ya Tsuma tu. Mama mkwe amempakata Dama hapa ndani ya lori. Mikono yangu haina la kufanya, ndiyo maana naandika. Sitaki kuyaona macho ya Dama, yamegeuka juu. Mungu wangu, nimefanya nini mimi!

Gharib ametoka. Hana gunia. Ananusa vidole vyake. Anakuja dirishani kwangu, sauti ya chini: "Kache, nambie kweli. Nyumba hii si wewe uliyeikagua? Kama hii ni dawa, mzigo huu siuondoi hapa. Yote yashuka."

Tsuma yuko mlangoni, ameshika mtoto kila mkono. Watu wametoka majumbani, wanatazama. Gharib anadhani naandika hesabu, ananingoja. Nikisema ndiyo, ni dawa, ni kushusha gunia baada ya gunia kwenye matope haya, na Dama hapa. Nikisema ni moshi tu, tunaondoka sasa hivi, na huko Ulaya watapima —

Dereva amezima injini.