Sauti ya Mama Kwenye Kanda ya Mjomba

Jumamosi, 7 Juni

Zamu imeisha. Nimeoga, nimekunywa uji, nimehamisha vipindi vya wiki. Kama kila Jumamosi. Kisimbuzi kinarekodi nikiwa wodini, mimi nachomoa flashi na kumwaga kila kitu kwenye diski iliyochomekwa kwenye ruta. Baada ya hapo natazama sebuleni nikipenda, na mdogo wangu Elipendo anatazama kwa simu chumbani kwake. Anaiita stoo. Dada, stoo kuna nini leo?

Upepo wa baridi tangu asubuhi. Vumbi mpaka kwenye vikombe.

Mjomba amepiga simu. Anahama nyumba, amekuta kanda zake za video kwenye sanduku. Nyingi za harusi. Moja imeandikwa "Alizeti".

Nilikaa chini.

Watu wa televisheni walikuja kijijini kwetu Misigiri kupiga kipindi cha wakulima wa alizeti, wakamhoji mama shambani. Kwenye ukoo mzima mjomba peke yake alikuwa na TV na deki ya kurekodi. Siku kilipoonyeshwa tulikuja mjini kwake, tukajaa kwenye mkeka, majirani wakasimama dirishani. Mama alipojiona alifunika uso kwa kanga. Watu wakashangilia kama ameshinda uchaguzi. Sijawahi kuona tena sebule yenye furaha vile.

Mwaka uliofuata mama alikufa. Elipendo alikuwa bado ananyonya.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada nimemwambia Elipendo. Hakula mchana.

Picha za mama tunazo mbili. Sauti hatuna. Tangu akiwa mdogo ananiuliza mama alikuwa anaongeaje. Namjibu siku zote: sauti nzito kidogo, ya kuvuta maneno mwishoni. Anafumba macho akisikiliza.

Naogopa. Kanda ya zamani vile inaweza kuwa tupu.

Jumatano, 11 Juni

Nimeichukua kanda kwa mjomba, nimempelekea fundi wa kule karibu na soko, anayehamisha kanda za harusi. Ameifungua, akanusa, akatikisa kichwa. Imeota ukungu. Anaweza kuisafisha na kuicheza mara moja. Inaweza pia kukatika.

"Dada, kanda kama hizi naziombea kwanza," alisema. Hakuwa anatania.

Elipendo akasema afanye. Mimi ningesubiri. Sijui ningesubiri nini.

Ijumaa, 13 Juni

Imetoka. Picha inarukaruka lakini imetoka. Nimeimwaga kwenye diski kama tamthilia nyingine yoyote.

Elipendo aliomba atazame kwanza peke yake. Akafunga mlango. Nikakaa sebuleni na rimoti, sijawasha kitu. Nikasikia muziki wa kipindi. Nikaukumbuka. Kisha sauti ya mwanaume. Mwanaume tu, mpaka muziki ukarudi.

Mlango ukafunguliwa. "Dada, huyu siyo mama."

Nikatazama mwenyewe. Mama alijibu kwa Kinyiramba. Wakamfunika na sauti ya mtangazaji anayefasiri. Mama mwenyewe anasikika mwanzoni, maneno machache, na mwishoni anacheka. Hapo katikati midomo yake inacheza na mwanaume anaeleza habari za mbegu bora. Siku ile kwenye mkeka sikuliona hilo. Nadhani hakuna aliyeliona. Tulikuwa tunatazama tu.

"Maisha yangu yote nimengoja," Elipendo akasema, "halafu nasomewa habari za mbegu!" Akalia kwa hasira. Nilitaka kumshika, akakataa.

Kuna jambo sikumwambia. Yale maneno machache ya mwanzo nimeyarudia mara nyingi. Sauti ni nyembamba. Ya haraka, kama mtu anayefukuza kuku.

Sikuitambua.

Jumamosi, 14 Juni

Fundi anasema haiwezekani kumtoa mtangazaji. Sauti zilishachanganywa hukohuko kwenye televisheni.

Sikuhamisha vipindi leo. Nilifua, nikiwaza sauti nzito ya kuvuta maneno ni ya nani. Nikaijua nikiwa natundika shuka. Ni ya mama mdogo.

Ndiye aliyetulea hapa mjini, kabla ya kurudi Misigiri. Ndiye aliyetuita kula, kuoga, kwenda shule. Mimi nilikuwa mtoto mkubwa, nilidhani namkumbuka mama vizuri. Kumbe sauti ya mdogo wake imekaa juu ya sauti yake, kidogo kidogo, na mimi sikusikia ikikaa. Inauma. Nimempoteza mara ya pili nikiwa na vibanio vya nguo mkononi.

Elipendo haongei na mimi. Anaongea na simu. Amempigia mama mdogo Misigiri. Amemwambia aje.

Jumapili, 22 Juni

Mama mdogo amekuja na basi la asubuhi. Jogoo mmoja, dumu la mafuta ya alizeti. Shikamoo, marahaba, chai. Hakutaka kupumzika. "Nionyesheni dada yangu."

Nikawasha sebuleni. Yumo na yeye, amesimama nyuma ya mama na ungo, kijana, mwembamba. Akapiga kelele: "Tazameni shingo yangu!" Tukacheka wote, hata Elipendo.

Mara ya pili hakucheka. Alisogeza kigoda mpaka karibu na kioo cha TV. Midomo yake ikaanza kucheza pamoja na ya mama.

"Huyu mwanaume mwongo," akasema.

Akatueleza. Kuhusu mbegu mama alijibu kwa mkato, mbegu ni zilezile za kila mwaka. Kisha mtoto mgongoni akaanza kurusha miguu. Kweli, unyayo mdogo unaonekana pembeni ya kanga. Mama akawaambia wageni: huyu binti yangu wageni wakija halali, anataka asikie maneno yote mpaka mwisho. Halafu akamwambia mpiga picha atoke, amekanyaga ulezi wake alioanika. Ndipo akacheka.

"Mimi?" Elipendo akauliza. "Alikuwa ananisema mimi?"

"Kwani mgongoni alibeba nani mwingine?"

Elipendo akazima sauti ya TV. Akamwomba mama mdogo aseme vile alivyosema mama, kwa Kinyiramba, kwa kufuata midomo. Akasema. Elipendo akarudia neno kwa neno, vibaya sana, maana amekulia mjini. Mama mdogo akamsahihisha. Walirudia mpaka jogoo akasahaulika bila maji.

Sijui kama mama mdogo anakumbuka au anatunga. Miaka ni mingi. Sikuuliza. Sitauliza.

Jioni tukichambua mboga nilimwambia mama mdogo ukweli, kwamba sauti ya mama sikuitambua, kwamba niliyokuwa nayo kichwani ni ya kwake.

Aliendelea kuchambua. "Yangu unaijua?"

"Naijua."

"Basi," akasema. "Lete sufuria."

Nililia kidogo jikoni. Moshi wa mkaa ulinisaidia.

Alhamisi, 26 Juni

Mama mdogo aliondoka juzi. Elipendo ana likizo ya shule anayofundisha, amekwenda naye. Nyumba kimya. Upepo umepungua. Nimefuta tamthilia za zamani kwenye diski, hakuna anayezitazama.

Leo mama mdogo amepiga simu. Elipendo amewaamkia wazee kwa Kinyiramba, wamecheka mpaka mmoja akakohoa. Anakula vizuri. Ng'ombe wa jirani wameingia kwenye mabua ya mtama. Kuku mmoja ameatamia nyuma ya ghala, kwenye baridi hii, hana akili. Mafuta yale nisiyaweke juani.

Nilikuwa nimeshavaa sare, nimeshika ufunguo. Nikakaa kitandani, nikamwacha aongee, akivuta maneno mwishoni.