Laptop ya Neema na Joto la Same

Jumatatu, 15 Desemba
Uji wa baba, dawa zake, mazoezi ya mkono, kisha jaribio: video ya kwaya kwenye laptop. Laptop imezima tena. Hata wimbo mmoja wa kwaya haujaisha. Chini inaunguza kama kikaango. Jumamosi mdogo wangu Neema anaagwa nyumbani Chome, na baba na kiharusi chake hawezi kupanda ile barabara ya mlimani. Atambariki kwa video kutoka hapa Same. Kwenye simu haoni kitu, vivuli tu. Laptop ni ya Neema mwenyewe, kaniletea akiapa ni nzima. Nina hasira naye.

Jumanne, 16 Desemba
Nimeiweka juu ya sinia la barafu, feni ya mezani ubavuni. Imezima. Mzazi mwingine anambariki binti yake mara moja anakaa. Baba neno moja analitafuta, analipata, linamponyoka. Ikizima katikati hatarudia. Namjua, atageukia ukutani, na Neema ataolewa bila neno la baba. Nimemtumia Neema ujumbe mkali wa sauti. Nimemwambia kaniuzia mbuzi kwenye gunia.

Alhamisi, 18 Desemba
Halima, jirani yangu mwenye duka la vifaa vya simu, kafunga duka mchana akaja na bisibisi. Tumeifungua mezani. Vumbi tele. Ile pesti ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa imekauka, inabanduka kama ukoko wa ugali. Kumbe! Chome wanashinda na sweta, nani angejua? Joto la huku ndilo limeiumbua. Neema hakunidanganya.

Tumefuta kwa pamba na spiriti. Halima kanipa nipake mpya mwenyewe, eti fundi cherehani kama mimi hatetemeki. Tone dogo tu, katikati. Tumefunga, tumewasha, feni haizunguki. Tumefungua upya: waya wa feni tuliusahau nje! Tumecheka mpaka baba naye kacheka.

Kwaya imeimba albamu nzima. Haijazima. Halima kakataa hata soda. Mungu amzidishie. Nimempigia Neema kumwomba radhi. Akanicheka: "Dada, una gubu wewe!"

Jumamosi, 20 Desemba
Imekuwa. Siamini.

Jua lilikuwa kali, bati linalia. Nilimvika baba koti lake la kanisani. Kule Chome baba mdogo alishika simu, Neema akapiga magoti mbele ya simu hiyo. Baba alimwona vizuri, akamwita kwa jina. Kisha kimya. Neno moja. Kimya tena. Kule juu umati mzima ukamngoja, hakuna aliyemsaidia kumalizia. Nilikuwa nimeweka kiganja kwenye laptop. Vuguvugu tu. Akambariki kwa Kipare, polepole, tumbo lake, mikono yake, nyumba anayokwenda, mpaka mwisho. Wote wakaitika amina. Nimelia bila aibu. Asante Mungu. Asante Halima.

Jumapili, 21 Desemba
Baba kalala vizuri. Mchana kaja mama mmoja wa jumuiya kumjulia hali. Akamwamkia, "Shikamoo baba." Tangu augue, wageni nawajibu mimi, yeye hutazama chini. Nikafungua mdomo kama kawaida.

Baba akanitangulia. Marahaba, ilitoka taratibu, yote.

Nikaenda kuchemsha chai.