Namba ya Figo ya Mama

Jumatatu, 14 Aprili

Majalada ya wodi ya wanawake tena. Daktari anaandika ugonjwa, mie naugeuza namba kwenye kompyuta. Pumu. Sukari. Presha. Halafu jalada la mama mkwe. Uvimbe, figo ya kushoto. Maabara wametazama kipande kidogo kilichokatwa, wameandika: haijulikani kama ni saratani au si saratani. Ipo namba ya hivyo, D41. Nimeiandika.

Jumanne, 15 Aprili

Mume wangu Salum kakasirika. Mama yake ana safari ya Hija mwezi ujao, na kwa namba hii hapasishwi kusafiri. Anataka niweke ya uvimbe usio na madhara. "Namba tu hiyo, Asha. Nani atajua?" Nani atajua! Nikiibadilisha, mama ataondoka na kitu kisichojulikana tumboni na hapana atakayemfuatilia. Tena wanawe wamekubaliana asiambiwe. Mie ndiye nnaempelekea chai. Akiniuliza majibu, nasema bado. Mwongo mkubwa mie.

Ijumaa, 18 Aprili

Sijabadilisha. Salum hasemi nami. Nyumba nzima minong'ono. Mama akitokea ukumbini, wote kimya. Kazini namba, nyumbani namba, pa kupumulia sina. Nawachukia wote, na mie nimo.

Jumapili, 20 Aprili

Loo! Mama kaniita chumbani kwake, kafunga mlango, macho mekundu. Kumbe minong'ono yote ile yeye kadhani Salum anaoa mke wa pili! Kanivisha bangili yake ya dhahabu. "Usilie, mwanangu. Mke nnaemjua mie ni wewe. Huyo mwengine hapandi ngazi hizi."

Nikacheka, kisha nikalia kweli. Wallahi nilishindwa. Nikamwambia yote: figo, uvimbe, namba, Hija.

Alikaa kitandani. Kisha akauliza, "Na mwenye figo nani?" Akamwita Salum kwa sauti, mpaka majirani wa kichochoroni wakasikia.

Jumatano, 23 Aprili

Mama kaenda kwa daktari mwenyewe, kaamua mwenyewe. Upasuaji kwanza. Hija mwakani, akijaaliwa. Alirudi akajifungia, nikamsikia analia. Salum ananilaumu mie. Na anilaumu.

Alhamisi, 29 Mei

Figo ilishatolewa. Majibu yamefika mezani kwangu leo. Uvimbe mzima wameutazama, na bado hawawezi kusema. Afuatiliwe tu. Nimeandika namba ile ile.

Nimemwambia kabla sijavua baibui. "Hawajui, mama."

Redioni walikuwa wanazungumzia mahujaji. Akaizima.

"Basi sote hatujui. Kaa ule."

Nikakaa. Muhogo wa nazi, bado wa moto.