Maji Yanayopita Kwangu Kwanza

12 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. U hali gani huko? Mimi mzima, ila nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Napika kikombe kimoja cha mchele na bado kinabaki.

Miaka miwili sikuandika kwa aibu. Leo nina la kusema. Alikuja mama mmoja, mtafiti wa chaza. Maji yalipokupwa tukashuka naye topeni, kwenye vile vitalu viwili vya chaza alivyotuachia mama yetu. Akatoa chaza thelathini kitaluni kwangu, kule mbele upande wa bahari, akawaweka kwako huku nyuma. Wako akawahamishia kwangu. Baada ya miezi minne wako wamenenepa, wangu wamedumaa! Akanionyesha chupa mbili. Maji yanayoingia kwangu yana ukijani, yamejaa vijimea wanavyokula chaza. Yanayotoka kwangu kwenda kwako ni maangavu, hayana kitu.

"Wa kwako wamesongamana mno," akasema. "Wanakula wao kwanza, wa dada yako wanabakiziwa maji matupu."

Kumbe kosa halikuwa la mkono wako, dada. Nami nilikuita mvivu mbele za watu. Nisamehe. Rudi nyumbani.

Mdogo wako

30 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Napiga pasi mashuka ya hoteli. Chumba changu kina dirisha moja, linatazama ukuta. Siku ya mapumziko naweza kushinda sijafungua mdomo.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa mikunjo. Kinachoniuma si kwamba ulinitukana. Ni kwamba nilikuamini. Hata hapa msimamizi akinisifu, moyoni nasema: huyu hajanijua bado.

Habari za kurudi, usiniulize.

Dada yako

9 Novemba

Dada,

Shikamoo. Unaendeleaje na kazi? Barua zangu tatu hukujibu, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami bado nimeinama.

Nimeng'oa nusu ya chaza wangu. Majirani wanasema nimerukwa na akili. Lakini sasa maji yanafika kwako na chakula chake, na chaza wako mmoja anajaza kiganja. Niliwapima, nikageuka nikwambie, hakuna mtu.

Jana ilikuwa siku ya mnunuzi, banda la mizani limejaa watu. Nikapanda juu ya kreti nikasema: "Dada yangu hakuwa mvivu. Chaza wangu ndio waliokuwa wanawamalizia wake chakula. Sikujua, na bado nikamtukana hapa hapa."

Nikashuka.

Mdogo wako

21 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Afya ipo, isipokuwa miguu, kwa kusimama.

Sijasema narudi. Nauliza tu: walikuwepo nani? Yule mama wa mizani, aliyecheka siku ile uliponitukana mpaka akashika mbavu, alikuwepo? Alisimama wapi? Alifanya nini ulipomaliza?

Usinifupishie. Niandikie wote, mmoja mmoja, na nyuso zao zilivyokuwa. Karatasi ikiisha, chukua nyingine.

Dada yako